Mkoba wa Nadra na Moshi wa Udi

Walisema ngozi ya mwanangu ni ya nyamafu. Kwamba Huwaida hununua ngozi za mbuzi waliojifia huko bara, akashonea makubadhi na mikoba, na ndiyo sababu vitu vyake hupasuka kabla havijazoeleka. Neno hili nililisikia kwa jirani yangu Khairiya, tukichambua mchele barazani kwake. Alilisema akitazama sinia, hakunitazama mimi.

"Mimi sisemi, Bi Esha. Nakwambia yasemwayo tu."

"Yasemwa na nani?"

"Na watu."

Watu! Wangekuwa na majina ningewafuata majumbani kwao. Tangu hapo neno lile halikunitoka. Nikitia udhu lipo, nikipepeta lipo. Ngozi ya nyamafu ni najisi, nani ataishika kisha asimame kuswali? Nami najua ngozi yetu yatoka wapi. Yaja kutoka Mombasa imekwisha kutengenezwa, na mbuzi wake kachinjwa kwa bismillahi. Lakini kupasuka, ilikuwa ikipasuka kweli. Hapo ndipo nilipochoka. Nitawajibu nini watu, na kubadhi la mtu limekatika penye mshono?

Wakati huo Huwaida alikuwa na kazi ya Bi Hayat wa mtaa wa Mkomani, aliyekuwa akimuoza bintiye Nadra. Alitaka mkoba wa ngozi wa kushonwa kwa mkono, uwekwe pamoja na vitu vya bi arusi siku ya wanawake kuja kuviona.

"Mama, huu ukipasuka mbele ya wanawake wale, mimi basi," Huwaida akaniambia. "Nitakwenda Shela kufua mashuka ya wageni mahotelini."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje, na hii ndiyo kazi niijuayo?"

Nikaketi naye ukumbini nimtazame, miguu yangu imevimba kwa joto. Aliilowesha ngozi kidogo ili ikubali kukunjwa. Akatoboa tundu, akashona kwa uzi uliopakwa nta. Sikuona kosa. Kisha akawasha makaa, akatia udi katika chetezo, akakifunika kwa lile tenga la kufukizia nguo, akaitandaza ngozi juu yake ingali na maji.

"Waifukiza ya nini?"

"Yanuka mbuzi, mama. Na wateja wetu hawa, kitu kisichonukia udi hakiingii ndani. Wewe mwenyewe nguo mpya huvai mpaka uifukize."

Kweli. Sisi twafukiza nguo, twafukiza nywele, twafukiza matandiko. Nani angeutilia shaka udi? Lakini nilipoinyanyua ile ngozi, pembeni ilikwisha kujikunja, ngumu kama ya ngoma. Nikaipinda. Ikalia, na ufa ukatokea ukifuata tundu za mshono.

"Ni makaa, Huwaida."

"Ah! Udi haujamdhuru mtu tangu nti iumbwe."

"Mtu ana damu ndani. Hii ina nini?"

Hakuniamini. Akakata vipande viwili katika ngozi moja, akavilowesha sawasawa. Kimoja akakiweka juu ya tenga, kimoja akakitundika kivulini penye upepo. Kesho yake kile cha makaa kilivunjika mkononi kama mkate mkavu. Kile cha kivulini kilikunjika kama kitambaa. Huwaida aliketi chini akacheka, kisha akajifuta macho kwa leso. Alikuwa akiyakumbuka makubadhi yote aliyoyafukiza kwa mapenzi.

Akaanza mkoba upya. Akauacha ukauke wenyewe, hata nilipomhimiza hakukubali kuuharakisha. Ulipokauka akaupaka mafuta ya nazi, kidogo sana, kwa kitambaa, akiusugua mpaka yakaingia. Ukawa laini, ukapindika bila kulia.

Bi Hayat alipokuja kuuchukua, kwanza aliupeleka puani.

"Mbona wanuka zizi? Mwanangu aolewe na mbuzi?"

"Harufu itatoka yenyewe, Bi Hayat," Huwaida akasema. "Utundike penye upepo. Usiuweke juu ya chetezo tu, tafadhali, moto wauvunja."

"Yeo nafundishwa kufukiza!" Bi Hayat akacheka. "Mimi nimefukiza maarusi wa mji huu wewe hujazaliwa."

Akenda zake nao.

Siku ya kuonwa vitu, udi ulitupokea mlangoni kwa Bi Hayat. Mkoba ulikuwa katikati ya leso na mafuta ya manukato. Mdomo wake umepinda, na ufa umepita chini ya mshono toka upande huu hata upande ule. Wanawake waliutazama, kisha wakamtazama Huwaida. Nyuma yangu mmoja akanong'ona, "Si twaliambiwa ni nyamafu?"

Nikauchukua mkoba mbele yao wote. "Bi Hayat, uliufukiza?"

"Niliufukiza kidogo. Nisiufukize kwa nini?"

"Basi ni moto uliouvunja. Huwaida alikwambia."

"Udi upasue ngozi? Tangu lini?" Wakacheka, sinia ya kahawa ikapita, na yakaishia hapo. Huwaida aliifuata ndia ya nyumbani bila kuningojea.

Kazi zikapungua. Wengine huamkia na kupita, macho mbele. Nimechoka kusema mlango kwa mlango, na sauti yangu si ya kushindana na kicheko. Ila Nadra, alipomaliza siku zake za kukaa ndani baada ya harusi, aliagiza mkoba mwingine, na salamu kwamba huu hataufukiza, hata mama yake akasirike. Ni huyo mmoja tuliye naye. Huwaida anaushona sasa, naye ndiye aliyeniomba niandike karatasi hii iwekwe ndani ya kila kitu atakachouza. Nimesoma shule ya msingi tu, lakini haya nimeyaona kwa macho yangu, na mengine kanifundisha Huwaida. Wewe unayeshona na wewe unayenunua, jihadharini.

Usifukize ngozi, hata kwa udi wa thamani.

Usiikaushe kwa makaa, wala juani juu ya paa.

Usiiloweshe kwa maji ya kisima cha chumvi.

Usiishone ikiwa kavu kabisa.

Usitoboe tundu zikakaribiana, wala karibu mno na ukingo.

Usipake mafuta mengi, yataoza na kunuka.

Usiifungie ndani ya mfuko wa plastiki.

Usiipinde kwa nguvu ikiwa imekaa muda mrefu bila mafuta.