Mzinga Chini ya Kitambaa

Msusi alipofika kwa wazazi wake Jumamosi saa kumi jioni, kaka yake alikuwa ameshawahi. Amekuja na televisheni yake mwenyewe, bapa, pana kama mlango, ameisimamisha juu ya maboksi mawili ya vyombo. Nyumba nzima ilikuwa maboksi. Wazazi wanahamia nyumba ndogo, na Mama alishatoa tamko: kitu kisichoguswa mwaka mzima, hakihami.

Na ile kompyuta haijaguswa miaka kumi na tisa.

Sasa hiyo kompyuta uielewe kwanza. Ni kibodi nene, rangi ya chai ya maziwa. Unaichomeka kwenye televisheni, pembeni unaweka redio ya kanda, unabonyeza, kanda inalia kama paka aliyebanwa mkia, dakika sita nzima, ndipo unatokea mchezo wa Nzige. Nzige wenyewe asili yao ni zile mashine kubwa za kwenye kumbi za michezo: hamsini kwa mpigo, wanashuka kwa mistari, wewe uko chini na mzinga wako unawatungua. Toleo la nyumbani halikuwa na ubavu huo. Nzige ishirini na wanne tu, wanapepesa kama balbu mbovu, na ukifyatua risasi muziki unakatika, maana mashine haiwezi mambo mawili kwa pamoja. Lakini kwa watoto wale wawili, hayo ndiyo yalikuwa maisha.

Kaka mtu, ambaye ni fundi vigae, aliitaka aiweke kwenye kabati la kioo sebuleni kwake, na taa ndogo juu, mtu asiiguse. Msusi aliitaka iende saluni, pale wateja wanaposubiri, watu waicheze mpaka vibonye vifutike. Akifikiria kioo anaona kama mtu kamfungia jogoo kwenye fremu. Basi Baba akaamua: kila mmoja acheze mara mbili, atakayepata pointi nyingi katika mchezo mmoja aibebe.

Msusi alikubali haraka, tena kwa kiburi. Utotoni kaka yake alimshinda mbio, hesabu, hata kula. Kwenye Nzige tu ndipo kaka mtu alikuwa anakaa kimya kama maji ya mtungini. Kwa hiyo hakufanya mazoezi. Kumbe mwenzake ana wiki mbili anajifua na Nzige wa kwenye simu.

Kaka akaanza, Msusi akawa anafunga vyombo na Mama, hata hakutazama. 2,310. Akainuka taratibu, akamwonyesha dada yake kiti kama mhudumu wa hoteli.

Msusi akakaa, akabonyeza, na hapo akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu azaliwe. Aliona mzinga.

Unajua, Baba alikuwa fundi televisheni, mtaa mzima ukimtegemea. Lakini mganga hajigangi. Televisheni yao ilikuwa inakula picha kwa chini, kipande cha vidole vitatu hivi, na mzinga ulikuwa humohumo. Wale watoto walikua wakifyatua mzinga wasiouona. Unaangalia tu risasi imechomoza wapi, mkono unajua wenyewe. Kaka alikuwa anabahatisha. Msusi alikuwa anausikia vidoleni, kama leo anavyosuka kisogo cha mteja huku anaangalia mlangoni nani kaingia.

Sasa mzinga huo hapo, mwekundu, umbo la ndala iliyopinduka, na macho yake yamegoma kubanduka. Anautazama mzinga, nzige wanamshukia. Mzinga wa kwanza kwisha. Wa pili kwisha. Wa tatu. Pointi 740. Akainuka ampishe mwenzake, kama walivyolelewa.

"Unaenda wapi?" kaka yake akamuuliza. "Una miwili bado."

Akadhani anaonewa huruma, akamwambia akae na huruma yake. Kaka akamwonyesha kwa kidole kwenye kona ya chini kabisa: vimizinga viwili, vimekaa vinasubiri.

"Ni mitano," akasema. "Hata mimi nimejua juzi kwenye simu."

"Baba alisema mitatu."

Wote wawili wakamgeukia Baba. Ghafla mzee akawa na kazi nyingi sana ya kufunga boksi ambalo lilishafungwa.

Maana ilikuwa hivi. Enzi hizo, mzinga wa tatu ukilipuka, Baba alikuwa anasema mashine imepata moto, hebu wampishe aipoze. Anakaa yeye, anaipoza weee, akitosheka anamwanzishia mwingine. Na rekodi ya nyumba, iliyoandikwa kwa chaki ndani ya mlango wa kabati, siku zote ilikuwa ya Baba. Mzee alikuwa anajenga ghorofa juu ya msingi wa wanawe.

"Ndiyo maana televisheni haikutengenezwa," Mama akasema polepole.

Baba akakiri. Kulikuwa na skrubu nyuma, nusu mzunguko tu, picha inapanda. Mama alicheka mpaka akakalia sahani.

Msusi akamalizia ile miwili: 810. Kaka akarudia, akapata 1,900, kwa hiyo ile 2,310 yake ikabaki juu. Akaanza kuuliza kama kuna gazeti la kufungia kompyuta.

Msusi alifungua mkoba wa kazi, akatoa kitambaa cheusi cha kufungia nywele, akakibana kwa vibanio viwili ukingoni mwa televisheni, kikafunika chini vidole vitatu barabara. Kaka akalalamika kwamba anavunja sheria, kisha kwamba vibanio vitakwaruza televisheni mpya. Mwamuzi Baba alikuwa ameshageuka mshtakiwa, hivyo Mama ndiye aliyehukumu.

"Kila mtu acheze na televisheni aliyokua nayo."

Msusi akabonyeza. Mzinga haupo, na vidole vikaamka. Nzige wanashuka, yeye anawapukutisha safu kwa safu, muziki ukikatika kila risasi, katika, katika, na bega lake likicheza nao. Mzinga wa kwanza ulimfikisha elfu moja na mia mbili. Wa pili ukafa kizembe. Wa tatu ulipolipuka, juu paliandikwa 2,340.

Msusi akainuka.

"Una miwili bado," kaka yake akasema, sauti imenywea. "Malizia basi unidhalilishe vizuri."

"Mashine imepata moto," akasema Msusi. "Baba, njoo uipoze."

Mzee hakungoja kubembelezwa. Alikaa, akavuta kiti, akapeleka mkono ainue pindo la kitambaa achungulie, Mama akaupiga kofi. Mizinga yote miwili ikaisha kabla hajajua upo upande gani. Akaongeza pointi kumi.

Kaka alikunja nyaya mwenyewe, vizuri, akazifunga kwa uzi. Akambebea dada yake kompyuta mpaka nje.

"Jumamosi ijayo nakuja kucheza saluni," akasema. "Kitambaa usikifue, nakihitaji."