Kidole Kwenye Mstari

Uji ndio uliomchongea Blessing. Mdogo wake aliumwaga juu ya kitabu cha kusoma, kurasa mbili zikagandana, na jioni ile Blessing alipoketi kwenye kigoda kumsomea mama yake kama kawaida, akafunua zote mbili kwa mpigo bila kujua. Juliana alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alisikia habari za kuku wa Sara aliyetaga vichakani, akainua macho ili acheke na mwanawe, na kwenye kitabu akaona picha ya ng'ombe.

Juliana hajui a wala be. Lakini macho anayo.

"Kuku yuko wapi hapo?" akauliza.

"Hapa," Blessing akasema, akaweka kidole.

Juliana akaokota kipande cha mkaa jikoni, akatia kidoa kidogo chini ya kile kidole. Akamwacha aendelee, akamtuma maji, akamtuma chumvi, kisha akamrudisha kwenye kigoda.

"Nionyeshe tena lile neno kuku."

Kidole cha mtoto kilizunguka ukurasa kama kuku mwenyewe anayetafuta pa kutagia, kikatua chini kabisa, mbali na kidoa cha mkaa. Hata asiyesoma anajua kwamba neno likishaandikwa halihami.

"Blessing, unajua kusoma?"

Mtoto akatazama vidole vya miguu yake. "Usimwambie baba," akasema.

Tusimwonee mtoto. Mjinga hawezi kumeza kitabu kizima kwa masikio. Darasa lao la pili limefurika hadi waliochelewa madawati wanakaa sakafuni nyuma, na Blessing ni wa sakafuni. Mwalimu anasoma mstari, darasa zima linaitikia, na anayeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote anaonekana ndiye anayejua kuliko wote. Sauti Blessing anayo. Sauti hiyohiyo ilimfikisha hadi kanisani, wakamchagua asome somo Jumapili ya Mikaeli na Watoto, siku ambayo kwa Walutheri watoto ndio wanaoongoza ibada tangu mwanzo hadi mwisho. Mwinjilisti Obeid akamsomea somo lenyewe, yeye akalirudia, mwinjilisti akaondoka anamsifu Mungu.

Na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya, kwa sababu Jumapili yenyewe ilikuwa imebaki siku tatu, na Amos alikwishatangaza. Amos, baba yake Blessing, anapakia magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapo Ubaruku, na hakuna mtu pale mashineni, kuanzia mwenye mashine hadi kina mama wanaopepeta chenga, ambaye hakuambiwa kwamba binti wa Amos atasoma Neno. Mama mzazi wa Amos alikuwa anakuja kutoka Mafinga kwa ajili hiyo tu.

"Kwenye nyumba hii msomaji alikuwa mmoja," Amos alipenda kusema. "Sasa tuko wawili."

Wa tatu hakutajwa. Juliana alizoea. Asichoweza kukizoea ni neno jingine la Amos, alilolisema mwaka jana mtoto alipoleta maksi mbovu: "Huyu akiharibikia mikononi mwako anakwenda kwa mama, Mafinga. Asiyejua kitu atamfundisha nini mwenzake?" Na Amos si mtu wa kutishia nyau. Sasa huyo mama wa Mafinga anakuja mwenyewe, na kurudi anaweza kurudi na mtoto.

Ijumaa, saa ya mapumziko, Juliana akaenda shuleni. Mwalimu Benedicta alimsikiliza akiwa bado na chaki mkononi. Alipoelezwa habari ya kidoa cha mkaa aliiweka chaki chini.

"Mama Blessing, nilikuwa namtumia yeye kuwaongoza wenzake," akasema. "Nisamehe."

"Sijaja kulaumu, mwalimu. Nataka ajue."

"Atajua. Niachie kila siku baada ya vipindi, tuanze silabi upya, moja moja. Na wewe njoo ukae naye, ili nyumbani mrudie pamoja."

"Mimi?"

"Wewe."

Juliana akauliza, "Na Jumapili?"

Mwalimu akatazama dirishani. "Jumapili akitaka kudanganya atadanganya, somo ameshalishika. Hakuna atakayejua. Ila Jumatatu atajiona amefaulu, na kumrudisha kwenye ba be bi itakuwa kazi. Wengi tunawapotezea hapo."

Juliana hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Miaka yote kanisani ameshika kitabu cha nyimbo na kuchezesha midomo. Siku moja mama wa pembeni yake alikichukua kitabu taratibu, akakigeuza juu chini, akamrudishia bila kusema neno. Aibu ile bado anayo, mbichi. Njiani kurudi nyumbani aliapa atamwambia Amos jioni. Jioni Amos akaja na viatu vyeupe vya mtoto ndani ya mfuko, akavipanga juu ya meza, akavitazama. Juliana akapakua chakula bila kumwambia.

Jumamosi mchana bibi akafika. "Kamwene," akamsalimu mkwewe, akashikwa mikono, akakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Hakutaka hata chai kwanza. "Nimsikie mjukuu wangu," akasema.

Amos akashusha Biblia kutoka juu ya kabati. Mwinjilisti alikuwa ameweka kikaratasi cha kalenda mahali pa kusoma, huko nyuma, karibu kurasa ziishe. Biblia iliposhuka kikaratasi kikaponyoka, kikaanguka mkekani. Amos hakukiona. Akafungua Biblia mbele kabisa, kurasa chache tu zikalala upande wa kushoto, akamwekea mtoto mikononi. Akasimama nyuma yake, akaweka kidole chake kinene kwenye mstari wa kwanza.

"Soma."

Juliana aliona yote akiwa mlangoni na sinia la chai. Alingoja Amos aseme siyo hapa. Blessing akaanza, sauti yake ikajaa nyumba, maneno ya malaika na ya watoto yakatoka bila kujikwaa, na kidole cha Amos kikamfuata. Kilitembea hadi mwisho wa mstari, kikarudi, kikashuka, kikatembea tena. Mtoto aliponyamaza kidole nacho kikasimama.

"Hajakosea hata nukta," Amos akamwambia mama yake.

Juliana akaelewa. Kwa hiyo ile "miwani yangu imevunjika," zile barua alizokuwa anazipeleka kwa jirani "azione na yeye," siku zote zile. Kwanza akapandwa na hasira. Miaka kumi na zaidi ameitwa asiyejua kitu na mtu asiyejua kitu. Angeweza kusema palepale, mbele ya mama mtu, neno moja tu lingetosha. Akatua sinia, akainama, akakiokota kikaratasi, akamimina chai.

Alimfuata Amos nyuma ya nyumba alipokwenda kunawa.

"Baba Blessing, hiki kilianguka kabla hujafungua."

Amos akakitazama kikaratasi kwenye kiganja cha mkewe. Maji yakaendelea kumwagika kutoka kwenye kata aliyoishika. Juliana alirudi nyuma hatua moja, kwa sababu mkono wa Amos anaujua.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi tu. Na mtoto hajui kusoma, amekariri. Mwalimu amekubali kumwanzisha upya, na mimi nitakaa naye. Kesho asisome. Na Mafinga asiende."

"Unanitisha?"

"Ningetaka kukutisha ningeongea kule ndani."

Amos akaitupa kata kwenye ndoo. "Mama nitamwambia nini?"

"Hilo mimi sijui," Juliana akasema, na kweli hakujua.

Jumapili asubuhi Amos alivaa koti lake, akamvalisha mtoto viatu vyeupe mwenyewe, akafunga kamba polepole. Juliana akamwangalia akashindwa kumsoma, maana hata huko kusoma watu siku nyingine hugoma. Njia nzima Amos alitangulia mbele na mama yake, Biblia kwapani.

Mlangoni mwa kanisa Mwinjilisti Obeid alikuwa anapanga watoto kwenye mstari. Akamnyooshea Blessing mkono. Amos akamshika mtoto bega.

"Huyu mtoe, mwinjilisti. Weka mwingine."

"Kwa nini, mzee? Tumeshamwandaa."

"Kwa nini?" bibi naye akauliza. "Nimetoka Mafinga nije kuona nini?"

"Hajui kusoma, mama. Ameshika kwa kichwa tu."

"Hajui vipi, na jana umemfuatisha kwa kidole nikikuona?"

Watu walikuwa wanapita kuingia ndani. Wawili wa mashineni walisimama kusikiliza. Amos akawatazama, na Juliana, aliyekuwa na haki ya kufurahi, hakufurahi. Aliomba tu asikimbie.

"Kwa sababu na mimi sijui," Amos akasema. "Sikujua tangu shule. Nilikuwa naitikia na wenzangu."

Bibi huyu aliuza ng'ombe aliyeachiwa na marehemu mumewe ili Amos amalize la saba. Sasa akamshika Blessing mkono, akasema, "Twende tukakae," akaingia naye ndani.

Walikaa benchi moja wote wanne. Juliana hakufungua kitabu cha nyimbo. Alikilaza mapajani na kuimba anachokijua. Ilipofika zamu ya somo akasimama mtoto wa kiume mwembamba, Saulo, anayekaa sakafuni jirani na Blessing, ambaye darasani sauti yake haisikiki kabisa. Akaweka kidole kwenye mstari. Akasoma neno, akapumua, akasoma neno. Nyuma watu wakaanza kukohoa. Katikati ya mstari wa tatu akakwama, akaanza silabi ya kwanza, akairudia.

Blessing neno lile alikuwa nalo mdomoni. Juliana alihisi mtoto anavuta pumzi ili alitoe, lakini Amos akawahi kumwekea kiganja mdomoni, taratibu, huku mwenyewe ameinama mbele, macho hayabanduki kwenye kile kidole kule madhabahuni.

"Mwache," akanong'ona. "Anasoma."