Helmeti Aliyovalishwa Janelle

Noreen Haskett alivumilia mengi katika ile ajali ya pikipiki ya mumewe. Alivumilia kwamba Clay, fundi wa injini za boti aliyejulikana Palatka nzima kwa ulimi mwepesi, sasa husimama mbele ya friji akilitafuta neno "maziwa". Alivumilia kwamba pua yake imekufa, hasikii harufu ya kahawa wala ya petroli. Alivumilia hata habari kwamba siku ile alikuwa amempakia mwanamke. Aliambiwa ni binamu wa rafiki yao Duane, aliyekosa usafiri baada ya nyama choma ya Jumapili nyumbani kwa Duane. Noreen mwenyewe hakwenda. Alikuwa kazini, ananyoa mbwa wa watu.

Alichoshindwa kukimeza ni helmeti.

Mzee wa pikapu aliyekata kona mbele ya Clay alikuwa amekiri kosa lake, na kampuni yake ya bima haikubisha. Ilichobishia ni kichwa. Kwetu Florida mtu mzima mwenye bima ya matibabu anaruhusiwa kupanda pikipiki kichwa wazi na askari hamgusi. Lakini akiumia na kudai fidia, upande wa pili unaweza kumwambia: sawa, sheria ilikuruhusu, ila jeraha hili umelikuza mwenyewe, basi tunakata fungu lako. Na Clay helmeti alikuwa nayo. Hununua vitu vizuri, ila huvivaa akipenda. Hii aliivaa akivuka kwenda jimbo jirani la Georgia na wenzake, ambako huwezi kupanda bila helmeti. Polisi waliiokota barabarani imechubuka upande mmoja. Noreen alidhani ilikuwa imening'inia kwenye usukani kama kawaida.

Clay hakukumbuka chochote cha jioni ile. Kwa hiyo wakaitwa wote ofisini kwa wakili wao, Bi Ostrander, kumsikiliza yule binamu wa Duane, Janelle Pruitt, akihojiwa chini ya kiapo.

Janelle alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye mikono ya mtu anayeshika udongo. Noreen alimtazama akitafuta uzuri, akaupata kidogo, kwenye shingo.

"Bwana Haskett hakuvaa helmeti," alisema Bwana Feld, wakili wa bima. "Unajua kwa nini?"

"Nilivaa mimi."

"Ulimwomba?"

"Nilimwambia naogopa. Sijawahi kupanda pikipiki. Akacheka, akaichukua, akanivalisha. Akanifunga mkanda hapa." Akagusa chini ya kidevu chake.

"Akakufunga yeye mwenyewe?"

"Mimi sikujua unafungwaje."

Bi Ostrander aliandika haraka, uso uking'aa. Noreen akaitazama mikono ya mumewe juu ya meza. Miaka ishirini na mbili amekaa nyuma ya huyu mwanamume, nywele zinampiga usoni, na mikono ile haikuwahi kupita chini ya kidevu chake.

Walipotoka, Bi Ostrander aliwashika mabega wote wawili. "Hii ndiyo habari tuliyoihitaji. Nani atamwadhibu mtu aliyetoa helmeti yake akamvika mwanamke mwenye hofu? Wakitupeleka mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi, watu watalia."

"Watalia," Noreen alisema.

Garini Clay alikuwa amechangamka kuliko alivyokuwa tangu hospitali. "Kumbe nilimpa helmeti," alisema. "Mimi huyu."

"Wewe huyo."

"Basi nilikuwa muungwana."

"Mimi hukunipa hata siku moja, Clay."

Alifikiri muda mrefu. Siku hizi kila jibu lilimchukua muda. "Wewe hukuwahi kuogopa," alisema. "Nilikuwa nawatambia wenzangu. Mke wangu haogopi kitu."

Noreen alipinda kuelekea nyumbani. Ilikuwa kweli. Alikuwa msichana aliyepanda nyuma ya pikipiki ya Clay viatu mkononi, kwa sababu aliona jinsi Clay alivyofurahia ujasiri huo, na tangu hapo hakupata nafasi ya kuogopa. Sasa mtu mwingine alikuwa amekuja, akasema naogopa mara moja tu, akapewa kila kitu.

Nyumbani aliingia bafuni na mfuko ambao polisi walimrudishia helmeti ndani yake, akafunga mlango. Akaiingiza pua ndani ya helmeti. Jasho, na chini ya jasho kitu cha nazi, mafuta ya nywele. Alinusa tena na tena mpaka hakujua kama ananusa au anakumbuka. Mwenye helmeti mwenyewe asingeweza kuisikia harufu ile tena, na hilo lilimfurahisha, kisha likamtia aibu.

Kesho yake alikwenda kwenye bustani ya miche alikofanya kazi Janelle, nje kidogo ya mji. Alimkuta akipanga majani ya mwituni kwenye ndoo.

"Nilijua utakuja," Janelle alisema. "Kaa hapo, kiti ni kisafi."

"Sikai. Nataka kujua jioni ile yote. Mume wangu hana, unayo wewe."

"Waliniuliza, nikajibu."

"Walikuuliza helmeti. Mimi nakuuliza mengine. Mliwahi kulala pamoja?"

"Hapana."

"Kabla ya hapo je, mlionana?"

"Hapana. Siku ile tu." Janelle alijifuta mikono kwenye aproni. "Dada, ukitaka nikwambie hakuna kitu, nitakwambia, utakwenda zako umepona. Ila naona hukuja kwa ajili hiyo."

"Sema."

"Nyumba yangu ilikuwa karibu. Yeye akachukua njia ya mto. Akasimama pale penye gati bovu, akanionyesha nguva, wale wanyama wakubwa wa majini, mama na mtoto wake, wamekuja juu kupumua. Tukakaa. Akaniambia anapenda mtu anayesema anachokihisi. Akasema nyumbani kwake kila mtu ni shujaa na yeye amechoka."

Noreen alishika ukingo wa meza ya miche.

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema twende, mbu wananiuma." Janelle alicheka kidogo, akaacha. "Sikutaka mume wa mtu. Lakini nilipenda alivyoniambia. Hilo siwezi kukuficha. Tulipopanda tena ndiyo ile pikapu ikaja."

"Wakikuuliza haya?"

"Nimeapa. Wakiuliza nitasema."

Kulikuwa na dai jingine katika kesi ile, dai la Noreen mwenyewe, kwa kupungukiwa na mume aliyekuwa naye. Bwana Feld alikuwa amempangia siku ya kumhoji kuhusu ndoa yake: ilikuwaje kabla, imekuwaje baada. Noreen alimpigia Bi Ostrander simu akamwambia aliondoe.

"Bi Haskett, hilo ni haki yako kabisa. Umemlea huyu mtu."

"Nikiliondoa, watakuwa na sababu ya kuniuliza ndoa yangu?"

"Hawatakuwa nayo. Wala hawatamrudia yule shahidi kwa ajili hiyo."

"Basi liondoe."

Bi Ostrander alidhani ni fahari. Duane na mkewe walisikia, wakasema ni moyo wa kusamehe. Noreen aliwaacha waseme. Hakusamehe kitu. Hakutaka tu maneno ya gati yaandikwe na karani, yasomwe, yamfikie Clay.

Kampuni ya bima haikusubiri kwenda mahakamani. Ilikata sehemu kwa ajili ya kichwa wazi, lakini ndogo kuliko ile iliyotishia mwanzoni, maana Bwana Feld naye alikuwa amemwona Janelle akigusa kidevu chake, akajua watu watamhurumia nani. Ukarimu ule uliomchoma Noreen ndio uliowaletea pesa ya kulipia mazoezi ya maneno ya Clay. Kila alipompeleka kliniki alilikumbuka hilo.

Clay alianza kuisimulia. Kwenye karakana ya boti, kwa watu wa kanisani, aliisimulia kama kitu alichokiona kwa macho yake: alivyoivua, alivyomvika, alivyomfunga mkanda. Maneno yaliyomkwama mdomoni kwingine kote hapo yalitiririka.

Jioni moja walikuwa wakila kambare wa kukaanga jikoni, akaweka uma chini.

"Yule mama alikwambia nini kingine?" aliuliza. "Duane anasema ulikwenda kumwona. Ile ajali ilitokea barabara ya mto. Sielewi. Ya mto si njia ya kwake."

Noreen alimtazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyesimama nje ya nyumba yake mwenyewe, anasubiri kufunguliwa.

"Barabara kuu ilikuwa na matengenezo," alisema. "Mlizunguka."

"Hakusema kitu kingine?"

"Alisema mbu walikuwa wengi."

Clay aliitikia kwa kichwa taratibu, akaridhika, akaendelea kula. Noreen alimwongezea samaki. Aliona vibaya, na aliona vizuri pia, kwamba nguva wale, mama na mtoto wake, sasa walikuwa wake yeye, si wa Clay tena.