Kifuniko cha Jakuzi la Mama

Dada yangu Sharon yuko Amerika na ana maneno mengi. Alipoona kwenye video jinsi Mama anavyoshuka ngazi za nyumba kwa makalio, alilia, kisha akatuma jakuzi la kupuliza, lile la plastiki nene lenye mashine ya kupasha maji moto. Likafika kwetu Gesima, kaunti ya Nyamira. Miaka arobaini ya kuchuma chai imemaliza magoti ya Mama, na daktari alisema maji moto kila siku, asikose, la sivyo atakaa kitini hadi mwisho.

Nililiweka nyuma ya nyumba yake, ndani ya bafu la mabati nililolijenga mwenyewe. Wiki ya kwanza Mama alioga, Sabato akaenda kanisani bila fimbo. Wiki ya pili mbuzi wa jirani akaruka juu ya kifuniko kilichokuja nalo, kwato zikakitoboa, na tangu hapo maji yakawa yanapoa na kuokota kila jani la mgomba na kila mdudu wa Nyamira.

"Wewe si ni fundi?" Sharon akaniuliza kwa simu. "Tengeneza kingine cha mbao."

Mimi ni fundi, ndiyo. Fundi mwenye oda ya madawati themanini ya shule, anayerudi nyumbani mgongo umekakamaa. Jumamosi ni Sabato, hushiki nyundo. Ikabaki Jumapili, siku ambayo binadamu wengine hunyoosha miguu. Nikazitoa Jumapili tatu.

Nilichora duara kwa msumari na kamba, nikachagua mbao za mkaratusi zilizokauka vizuri, unene wa inchi nzima, nikapigilia nyingine tatu upande wa chini za kuzikaza. Nilikuwa na hasira na yule mbuzi. Nilitaka kifuniko ambacho hata ng'ombe akikipanda, ataumia yeye. Siku ya kukiweka nilimwita jirani yangu Mose, tukakibeba wawili tukihema. Mose akakigonga kwa ngumi.

"Hiki kitatuzika sisi wote," akasema.

Nikafurahi kama mjinga.

Baada ya hapo sikuingia tena pale. Kwetu mtoto wa kiume hakaribii mahali mama yake anapooga. Ni chinsoni, heshima tuliyozaliwa tukaikuta, na haimwachi hata mkwe; mke wangu Gladys naye hupita mbali. Jioni nilikuwa namwuliza Mama kama maji ni mazuri, naye ananijibu, "Ni mazuri, mwanangu." Nami nasinzia na tonge la ugali mkononi.

Lakini fimbo ilirudi. Halafu zikawa fimbo mbili. Sharon akapiga simu akifoka, anauliza kama Mama anaoga kweli au tunamchezea shere. Nikamjibu vibaya, nikakata. Jumapili moja mashine ikaanza kulia vibaya, ikabidi niende kuitazama. Nikakohoa mlangoni, nikabisha, nikangoja, ndipo nikaingia.

Juu ya kifuniko kulikuwa na kuku ameatamia. Mayai kumi na moja, kwenye majani makavu ya migomba, joto likimpanda kutoka chini. Alinitazama kama mwenye nyumba. Kuku haatamii juu ya kitu kinachofunguliwa kila siku.

Nikatoka. Mama alikuwa kibarazani anachambua mboga.

"Mama, tangu lini hujaoga humo?"

"Tangu ulipokileta."

"Na mimi niko hapa! Si ungeniita nikifungue?"

"Nikuite nikwambie nini, Ratemo? Kwamba sasa naenda kuvua nguo, njoo?"

"Gladys je?"

"Mkwe aone mapaja yangu?"

Akaendelea na mboga. Ndipo nikakitazama kidole chake cha shahada. Ukucha ulikuwa mweusi. Wiki kadhaa nyuma aliniambia ni mlango uliombana.

"Nilijaribu mara moja," akasema. "Kikaniangukia."

"Kwa nini hukuniambia ni kizito?"

"Ulitoa Jumapili tatu, mwanangu. Unalala chakula kikiwa mdomoni. Ningesema ni kizito, ungeanza upya."

Nilitamani kumfokea mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mimi. Kuuliza si ujinga. Nilipima upana, nikapima unene, sikumwuliza mama yangu anaweza kuinua kilo ngapi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Nikamhamishia kuku kwenye kikapu pamoja na mayai yake, akanidonoa mara mbili, nami sikumlaumu. Nikamwita Mose tukakitoa kifuniko uani. Mkaratusi mkavu haukatiki kwa upole. Nilikipasua katikati, halafu tena, vikawa vipande vinne. Mama akaja na fimbo zake, akashika kimoja, akakiachia.

"Bado."

Nikakata tena. Vipande vinane, kila kimoja na ubao mwembamba wa kukishikilia chini na mshikio wa raba ya tairi. Tukaizibua mashine, ikatulia, tukavipanga vipande juu ya jakuzi. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa magharibi. Mama akainua kipande kwa mkono mmoja, akakirudisha, akakiinua tena.

"Hiki sasa ni changu," akasema. "Haya, nendeni."

Mose akaenda zake. Mimi nilipaswa kwenda kulala. Lakini nilisikia kipande cha kwanza kikiwekwa chini, halafu cha pili, na nikajua kwamba uani pale ukimya utamfanya ayahisi masikio yangu. Nikachukua randa na ubao usio na kazi yoyote, nikaanza kuuranda mbele ya nyumba, kwa nguvu, ili asijue kama namsikia, na mimi nisimsikie.

Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Niliranda hadi ubao ule ukawa mwembamba kama kadi, nikachukua mwingine, na sikusimama hadi Mama mwenyewe aliponiita nije nile.