Ukuta wa Saa Nne

Kila ikifika saa nne asubuhi, Mama Vigae aliacha mwiko wake ndooni, akakaa kibarazani kusikiliza ukuta. Ukuta huo wa mbele aliupamba mwenyewe kwa vipande vya vikombe na sahani alivyoletewa na majirani. Hakuviosha. "Ukiviosha vinashika vizuri," alisema, "ila vinasahau." Basi kila kipande kilibaki na doa lake la chai, na saa nne kikasema kilichowahi kusemwa mezani.

Kikombe cha fundi saa kilibishana mambo ya mpira. Bakuli la bluu karibu na dirisha lilisema kwa sauti ya marehemu mama yake: "Wewe mtoto, njoo ule, chakula kinapoa." Mama Vigae, mwenye miaka hamsini na mbili, alijibu, "Nakuja, mama."

Shirika linalosaidia sanaa ya hadharani inayotengenezwa nyumbani kwa wasanii lilimpa mifuko sita ya simenti. Dada wa shirika alikuja kila mwezi na fomu, akaandika: "Ukuta unaendelea. Unaongea kwa adabu."

Kosa lilikuwa gunia moja. Mfagizi wa ofisi ya mipango miji alileta vikombe vilivyovunjika ofisini, Mama Vigae akavibandika juu ya mlango bila kuuliza. Kesho yake kimoja kikasema kwa sauti ya Bwana Mipango: "Barabara mpya ipite kwa yule fundi vigae. Upande wa pili kuna ukumbi wangu." Kingine kikauliza sukari iko wapi.

Wiki hiyohiyo ukuta ukachorwa alama nyekundu ya kubomolewa. Bwana Mipango alipokuja kupima, ulirudia maneno yake mbele ya mtaa mzima. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo mimi huyo," alisema. "Siku ile nilikuwa na mafua."

"Si umejisikia mwenyewe, mzee?" aliuliza jirani muuza mkaa.

"Nimejisikia. Ukuta unaondoka Jumatatu."

Kipande kikivunjika mara ya pili hunyamaza moja kwa moja, na Mama Vigae alilijua hilo. Alishika patasi siku mbili, akabandua kimoja kimoja, na majirani wakabeba kwa khanga. Bakuli tu ndilo lililogoma.

"Shoga, hilo lina kichwa kigumu kama mwenyewe," alisema muuza mkaa.

Jumatatu, tingatinga likiwa limeshawaka, saa nne ikafika. "Wewe mtoto, njoo ule."

"Leo njoo wewe, mama," alisema Mama Vigae, akakinga mikono. Bakuli likadondoka humo, zima.

Barabara ilipita. Ukumbi upo, na Jumamosi unapiga muziki. Mama Vigae amebaki na vyumba viwili vya nyuma, na mtaa mzima una vipande kutani. Bakuli alilibandika ng'ambo ya barabara, kwa muuza mkaa. "Mama aliniita siku zote nikiwa nacheza mbali," alieleza.

Dada wa shirika alikuja na fomu. Palikuwa na mstari mmoja: nyumba ya msanii. Alitazama huku na huku, akaandika: "Zote." Akaagiza simenti zaidi.

Saa nne sauti ikaita kutoka ng'ambo. Mama Vigae alipangusa mikono, akatazama magari kulia na kushoto, akavuka.