Marehemu wa Benchi la Mbele

Kila Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa wanamolala wakimbizi, viti vya plastiki hufutwa vumbi, feni huwashwa, na cherehani hutolewa stoo na kufungwa utepe mwekundu. Utepe wenyewe umefungwa na kufunguliwa mpaka umechakaa ncha. Kisha wafadhili huingia, hupewa maji ya chupa, na mkimbizi mmoja husimama kutoa ushuhuda.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya mjane mmoja, fundi wa kushona tangu usichana wake. Alikuwa akilala na wanawe wawili kwenye mkeka nyuma ya jukwaa, na shida yake ilikuwa moja tu: ile cherehani. Akiipata atashona, akishona atapanga chumba, na watoto watalala penye mlango wa kufunga.

Akaeleza walivyokimbia, mtumbwi ulivyopinduka katikati ya mto, na baba watoto alivyowasukumia wanawe ukingoni akazama mwenyewe. Alipofika hapo mlango ukafunguliwa, marehemu akaingia. Alikuwa amelowa chapachapa, kiatu mguu mmoja. Akasalimu, akaketi benchi la nyuma. Mfagizi akamwekea magazeti chini ya miguu, maana sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile.

Wafadhili walilia sana. Mjane akakabidhiwa cherehani, akapigwa picha ameikumbatia. Magari ya wageni yalipoondoka, cherehani ikarudishwa stoo.

"Tunakutunzia tu, dada yangu," alisema msimamizi wa ukumbi, mwanamke aliyeitwa Mama Huruma, jina alilojipa mwenyewe. "Mungu hana haraka."

Mungu alisingiziwa mengi katika ukumbi ule.

Wiki iliyofuata mjane akaambiwa arudie. Marehemu akaja tena. Mama Huruma akamhamishia benchi la mbele ili picha zitoke vizuri, akamwomba asijifute uso. Alimshika bega kwa ncha za vidole, kisha akageuka pembeni kujipaka dawa ya kusafisha mikono, akarudi na tabasamu lake. Waliolala pale walilitazama kila siku kabla ya kupewa uji.

Mjane aliona mumewe anazidi kuvimba kila Jumapili. Wageni walipokuwa wakinywa chai, akamsogelea.

"Baba watoto, unaumwa?"

"Siumwi. Ila ukisimulia ukafika pale mtoni, maji yananiingia upya. Wewe malizia tu, usijali."

Hapo mjane akakata shauri. Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya wageni, akasema walivuka kwenye daraja wote salama, na mumewe alifia kitandani, usingizini, amejifunika shuka safi. Mlango haukufunguliwa. Wageni walichezea simu zao. Mmoja akauliza kama chakula kiko tayari.

Mama Huruma hakupandisha sauti. "Ushuhuda wako umepoa, dada. Tumpe mwenzako nafasi. Wewe kasaidie jikoni."

Mwenzake alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ambaye mumewe aliungua sokoni siku ya mashambulizi. Ilipofika zamu yake, mjane alikuwa jikoni akipanga vikombe. Akasikia yule mwanamke akisema, "Mume wangu," kisha mlango wa ukumbi ukalia. Akachungulia. Aliyeingia alikuwa mume wake yeye, amelowa, kiatu mguu mmoja. Alikwenda moja kwa moja benchi la mbele, akainua mkono wageni wamwone.

Mwenye mtoto akaduwaa kidogo, maana wake aliungua, hakuzama. Mama Huruma akamnong'oneza jambo. Basi moto wa soko ukawa mto, na marehemu akaanza kutapika maji pale benchini. Wafadhili walilia kuliko siku zote. Cherehani ikakabidhiwa, picha zikapigwa, ikarudi stoo.

Mjane akaviacha vikombe. Akamfuata mumewe, akamkuta nje karibu na bomba.

"Leo sikukuita. Umefuata nini?"

"Mama Huruma aliniambia," alisema marehemu, maji yakimtoka puani. "Nikija kila Jumapili, hata kwa wenzako, cherehani itakuwa yako. Hawajakupa bado?"

Mjane alimtazama midomo ilivyomvimba, macho yalivyotoka. Akaona akimwambia kweli, atarudi kuzama mpaka lini?

"Wamenipa," akasema. "Iko ndani, nashonea watu. Nenda kapumzike, baba watoto."

Marehemu akashusha pumzi. Alikuwa mtu mwenye adabu tangu uhai wake.

"Afadhali," akasema. "Basi wiki ijayo nitakuja kumshukuru Mama Huruma."

Na akaja. Mama Huruma akamwonyesha benchi lake, akampa mwanamke mwingine kipaza sauti.