Vizibo vya Boti ya Mzee

Boti ilikaa uani juu ya trela lake, imeziba nusu ya dirisha la jikoni, na mama mwenye nyumba aliosha vyombo akiitazama kila siku kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua kuaga.

Fundi bomba aliitamani tangu alipoiona picha yake kwenye simu: sakafu bapa juu ya maboya mawili ya faiba, viti vya kukunja, turubai la kivuli. Aliota kuzungusha familia za watu ziwani siku za Jumapili na kuachana na kazi ya kuingiza mkono kwenye vyoo vyao. Bei ilikuwa chini mno, naye akadhani ni bahati yake. Sharti alilikuta mlangoni.

"Mume wangu hajui kwamba nimeiuza," mama alinong'ona, hata karibu hajasema. "Siku hizi anasahau. Alitoka nayo peke yake akapotea ziwani, wakamrudisha watu baki. Tangu hapo silali, nasikiliza mlango tu. Nimemwambia wewe ni fundi, unaipeleka matengenezo."

"Mimi ni fundi wa mabomba, mama."

"Basi si uongo mtupu."

Angeweza kugeuza pikapu palepale. Hakugeuza. Tamaa mbele, mauti nyuma, wasema wahenga. Yake ilikuwa mbele, na nyuma alishaanza kufunga trela.

Mzee akatoka, shati limechomekwa vizuri, akampokea kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomuumiza fundi kuliko yote. Alimshika mkono akampapasisha chini ya boya la kushoto, kwenye ufa wa urefu wa kidole.

"Usinipakie gundi juu juu kama mtu anayejipaka poda. Kwangua kwanza, kausha, ndiyo uweke kitambaa cha faiba."

"Sawa, mzee."

"Na kiti cha nyuma kinalia. Hicho ni cha mke wangu, hapendi kelele."

"Nitakiangalia, mzee."

Dirishani, pazia lilitikisika, mama akajificha.

Mzee alikagua kulabu, akaikaza mikanda iliyokwisha kukazwa, kisha akainama nyuma ya maboya akafungua vizibo viwili, kimoja kila upande. "Boti ikiwa barabarani hufunguliwa, maji yaliyojificha ndani yatoke. Ikiingia ziwani hufungwa. Ukikosea hapo, utaogelea." Akacheka mwenyewe, akivifuta kwa leso. Fundi alikuwa anahangaika na nyaya za taa za trela, hakuona vilipoishia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hawajawahi kuvuta trela. Kila alipopanda kilima pikapu ilikoroma, na kila penye watu alipungiwa mikono: "Wewe, unamwaga maji!" Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye matundu ya maboya, kama mzee alivyotaka, lakini fundi alisikia kila mpita njia anamwita mwizi. Alifika kwake shingo imekakamaa.

Aliikwangua boti, akaikausha, akaweka kitambaa cha faiba. Kiti cha nyuma alikifungua chote akakitia grisi, akakikalia na kukiinukia mpaka kikanyamaza.

"Umenunua boti au umeoa?" mkewe alimuuliza.

Vizibo hakuviona popote. Akachukua viwili katika sanduku lake la kazi, vya bomba la kawaida, na vikakaa sawasawa kabisa. Hakukuwa na sababu tena ya kutoiingiza boti majini. Akaivuta mpaka ziwani, akasimama ufukweni, kamba mkononi, akashindwa. Aliona aibu mbele ya boti. Akaizungusha pikapu akairudisha nyumbani, akafungua trela, akaenda kwa mzee. Alijiambia anafuata vizibo.

Ilikuwa mchana. Mzee alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, pale palipokuwa na boti. Alama za matairi bado zilikuwepo.

"Ule ufa umeziba?"

"Nimeziba, mzee. Nilikwangua kwanza."

"Na kiti?"

"Hakilii tena."

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso, na ndani yake vizibo viwili. "Fundi wa boti hana shida na hivi, maana boti haiingizi majini. Anayekuja kuviulizia ni mwenye boti. Basi ni wewe."

Uso wa fundi ukawaka moto. "Mzee, nisamehe. Nimekudanganya mbele ya macho yako. Nitairudisha, hata leo."

"Punguza sauti, mke wangu amelala." Akaelekeza kidevu dirishani. "Tangu iondoke analala mpaka mchana. Alikuwa anakaa macho usiku kucha ananisikiliza, anadhani sijui. Kusahau nasahau kweli, mwanangu. Siku ile ziwani sikujua nyumbani ni upande gani. Lakini hili la boti analibeba kifuani, anaona kaninyang'anya. Akijua nimejua, usingizi utakwisha tena. Mwache hivyohivyo."

Alimfumba fundi vidole juu ya vizibo, kwa nguvu ambayo fundi hakuitegemea.

Mama aliamka baadaye, akamkuta fundi anaaga, akamsindikiza mpaka getini, alama za mto bado shavuni.

"Amekuuliza inarudi lini?"

"Ameniuliza, mama. Nimemwambia bado kidogo."

"Ameamini?"

Fundi alivishika vizibo mfukoni. Bado vilikuwa na joto la mkono wa mzee.

"Ameamini."

Mama akashusha pumzi. "Wewe una moyo mzuri, mwanangu," akasema, akafunga geti taratibu, mzee asije akasikia.